Ukoo Usiopiga Mluzi

Mpiga picha wa harusi alikuwa kijana mwenye subira. Alishamwondoa mtoto aliyekuwa anakatiza mbele ya kamera na sahani ya pilau, akawapanga akina mama wenye sare za vitenge nyuma na wazee wenye kanzu mbele, halafu akasema, "Mzee wa kulia, tabasamu kidogo." Akapiga. Akatazama kioo cha kamera, hakuridhika. "Mzee, tunaomba tabasamu, leo siku ya furaha." Akapiga tena. Alipoomba kwa mara ya tatu, mjomba akamjibu kwa sauti yake ya siku zote, isiyopanda wala kushuka:

"Mbona nimeshatabasamu, mwanangu."

Ua zima likaangua kicheko. Hapa Mikindani, Mtwara, mjomba anajulikana, na ukoo wetu unajulikana. Sisi ni watu wa kununa. Hatumchekei mtu, hata zawadi tunaipokea kwa uso mkavu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nikaona alivyojitahidi. Macho yalifurahi. Midomo ilikwenda pembeni, kulia na kushoto, ila pembe zake hazikupanda. Mashavu yalibaki pale pale. Alikuwa ametabasamu kweli, kwa misuli yote iliyombakia usoni.

Wakati huo binti yake alikuwa amesharudi kutoka Dar es Salaam na jina la ugonjwa kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimelisoma jina lile. Ila kulisoma ni kitu kimoja, na kuliona limevaa kanzu mbele ya kamera ni kitu kingine.

Tangu siku ile sijatulia.

## Mkwezi aliyeteremka

Zamani mjomba alikuwa mkwezi, na si mkwezi wa kubahatisha. Wenye mashamba walimwita hadi Naumbu na Mgao wakitaka minazi yao iangushwe kwa siku moja. Akiwa na miaka ishirini na kitu, mkono wa kulia ukaanza kumgomea. Kushika aliweza, kubeba aliweza, hata kuni alipasua. Kuunyanyua juu ya kichwa ndiyo ikawa shida. Na mkwezi asiyenyanyua mkono juu ya kichwa hana kazi.

Sababu ilipatikana haraka mno. Mnazi wa mwisho aliokwea ulikuwa wa mpakani, na bibi mmoja mwenye shamba la pili alidai ni wake. Walirushiana maneno. Bibi akasema, kwa hasira ya mtu anayeona nazi zake zinaondoka, kwamba mkono ule utakoma. Ulipokoma kweli, nani angetafuta ushahidi mwingine?

Bibi yule aliishi miaka mingi baada ya hapo. Watoto tukitumwa upande wa kwake tuliambiwa tuzunguke. Alipofiwa, waliokwenda kumzika ndugu yake walihesabika.

Mjomba akaingia kwenye madafu. Kukata dafu kunataka kiganja na kiwiko, na hivyo alikuwa navyo. Yeye mwenyewe dafu alilinywa kwa kulinamisha mdomoni, hakugusa mrija. Mrija ni wa watalii, alikuwa akisema, nasi tukaamini. Usingizini macho yake hayafumbi sawasawa, weupe unabaki unaonekana. Tulipokuwa wadogo tulishindana nani atathubutu kuusogelea mkeka wake mchana. Bibi mzaa mama alituambia kwamba mwanawe analala huku analinda nyumba.

Na hakuna aliyewahi kumsikia akipiga mluzi. Bibi naye hakuweza. Mama yangu hawezi. Hilo lilikuwa jambo la utani tu nyumbani: mluzi sisi tulifundishwa na upande wa baba.

Vyote hivyo vilikuwa wazi miaka yote. Kimoja tulikiita kiburi, kingine uchawi, kingine tulikifanyia mzaha.

## Fundi cherehani

Aliyelifumua jambo hili ni binti yake mjomba, binamu yangu. Au tuseme fundi cherehani wake. Alikwenda kupimwa gauni, fundi akapitisha tepu mgongoni, akarudia, akamwambia asimame vizuri. "Si nimesimama vizuri?" Fundi akasema basi dada, mabega yako hayalingani, na haya mabapa ya mgongoni yamechomoza, gauni la mgongo wazi litakuumbua.

Kwa miezi mingi binamu akazunguka. Alichuliwa kwa mafuta. Alichomwa sindano za "neva", zile nyekundu. Alipigwa eksirei ya bega, ikaonyesha mifupa mizima, kwa sababu mifupa ilikuwa mizima. Mahali fulani, sipataji, alishauriwa apunguze mawazo na aolewe. Kile kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli, CK, kilitoka juu kidogo, akaambiwa si kitu. Katika ugonjwa huu CK inaweza kupanda kidogo na inaweza kuwa ya kawaida kabisa, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakimtoi mtu kwenye mashaka.

Mwisho akafika kwa daktari wa mishipa ya fahamu, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia tano za kukaa kwenye basi. Nimemwomba anisimulie siku ile mara nyingi, kwa sababu daktari hakuanza na mashine yoyote.

Alimwambia afumbe macho kwa nguvu, kisha akajaribu kuyafumbua kwa vidole. Yakafunguka bila ubishi, na kope zilikuwa hazijazama. Akamwambia ajaze hewa mashavuni, ikavuja. Akamwambia apige mluzi. Binamu akacheka, akasema kwetu sisi hatupigi mluzi.

Daktari akaweka kalamu chini. "Kwenu nani na nani?"

Kisha akamtaka anyanyue mikono kwa pembeni. Ikaishia usawa wa mabega. Daktari akazunguka nyuma, akaweka kiganja juu ya bapa la bega la kulia, akalibana kwenye mbavu, akasema nyanyua tena. Mkono ukapanda. Ukapita sikio.

Binamu anasema alilia palepale, na mpaka leo hajui kama ilikuwa furaha au hasira. Mkono ulikuwa hai. Ule msuli mnene wa nje ya bega mara nyingi hubaki na nguvu kwa muda mrefu katika ugonjwa huu. Inayodhoofika ni misuli inayolishika bapa mgongoni lisihame. Bapa likikosa mshikaji, mkono hauna pa kuegemea. Mtu anasukuma juu, na badala ya mkono kupanda, bapa ndilo linatoka nje. Ndiyo yale aliyoyaona fundi.

Hebu fikiria mjomba. Pale chini ya mnazi wa mpakani, kama angetokea mtu wa kumshindilia kiganja mgongoni, pengine angekwea.

Jina la ugonjwa ni refu, facioscapulohumeral muscular dystrophy, kifupi chake FSHD. Ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli. Limetaja sehemu tatu: uso, bapa la bega, mkono wa juu. Madaktari wawili wa Ufaransa, Landouzy na Dejerine, waliueleza miaka ya 1880, na walishaona wakati huo kwamba unatembea ndani ya familia. Dalili mara nyingi huanza kwenye ujana. Upande mmoja hudhoofika kuliko mwingine, na hili ni alama yake kubwa. Unaweza kushuka kwenye misuli ya tumbo, mtu akasimama kiuno kimeingia ndani na tumbo limetangulia; unaweza kufika mguuni, unyayo ukawa haunyanyuki vizuri, mtu akajikwaa kwenye sakafu tambarare. Takriban mtu 1 kati ya 5 huishia kuhitaji kiti cha magurudumu. Moyo kwa kawaida husalimika, na walio wengi huishi umri wao kama watu wengine. Hesabu za Ulaya huuweka kati ya mtu 1 kwa kila 8,000 na mtu 1 kwa kila 20,000.

## Mawe juu ya turubai

Mimi ni karani wa chama cha msingi. Kazi yangu ni mizani na stakabadhi za korosho, na biolojia niliiaga kidato cha nne. Kuhusu chanzo cha FSHD nimeelewa polepole, usiku, kwenye simu.

Karibu na ncha ya kromosomu ya 4 kuna kipande cha DNA kinachojirudia. Kila kipande kina herufi kama 3,300, na watu wengi wana marudio kuanzia 11 hadi kufikia 100. Ndani ya kipande hicho mna jeni inayoitwa DUX4. Ina kazi yake, ila ni kazi ya siku za mwanzo kabisa, wakati binadamu bado ni seli chache tumboni mwa mama. Baada ya hapo mwili unaizima, na kwenye misuli haitakiwi kuonekana tena.

Kinachosaidia kuizima ni wingi wa yale marudio. Mwenye kuanika korosho akazifunika kwa turubai jioni anaelewa: mawe yakiwa mengi, turubai limetulia, yakipungua sana, upepo unapata pa kuingilia. Mwenye FSHD ya kawaida ana marudio 1 hadi 10 tu. DNA ya pale inalegea, DUX4 inaamka mara mojamoja ndani ya seli za misuli, inatengeneza protini isiyo na kazi pale, na protini hiyo inaua seli.

Hapa nilikwama siku kadhaa. Magonjwa ya kurithi niliyozoea kuyasikia, selimundu kwa mfano, yanatokana na jeni iliyobadilika herufi. Hii DUX4 ni nzima. Imeamka tu mahali pasipo pake, miaka mingi baada ya zamu yake kwisha.

Na marudio machache peke yake hayatoshi kuleta ugonjwa. Ncha ile ya kromosomu ya 4 ina sura mbili kuu, A na B. Sura ya A ina alama inayoiwezesha nakala ya DUX4 kudumu hadi itumike. Sura ya B haina, na nakala inaoza njiani. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na marudio matano juu ya sura ya B akazeeka bila dalili yoyote. Kwamba ugonjwa uko kromosomu ya 4 kulijulikana tangu 1990, lakini jambo hili la sura mbili lilipata maelezo kamili mwaka 2010, kwa kazi iliyoongozwa na watafiti wa Leiden, Uholanzi. Miaka ishirini ya kitendawili. Upo pia mkondo wa pili wa ugonjwa, kwa kama asilimia 5 ya wagonjwa, ambao chanzo chake mara nyingi ni hitilafu kwenye jeni nyingine, SMCHD1, iliyoko kromosomu ya 18. Kazi yake ni kusaidia kuifunga DUX4.

Nusu kwa nusu. Hiyo ndiyo hesabu ya kila mtoto wa mwenye FSHD ya kawaida, kwa sababu kromosomu ya 4 moja iliyofupika, kati ya mbili alizonazo kila mtu, inatosha. Kromosomu ya 4 haijali baba wala mama, haijali wa kike wala wa kiume. Sisi Wamakonde tunahesabu ukoo kwa wajomba, na wazee walishaniambia kwamba tabia hii "imetoka kwa wajomba" wakadhani wamemaliza. Lakini mjomba naye anawapa wanawe, ambao kwa hesabu ya kimila ni wa ukoo mwingine. Kwa wengine haitoki kwa mzazi yeyote, hutokea upya kwa mtoto.

Halafu kuna kinachonisumbua kuliko vyote: ndugu wawili wanaweza kuwa na marudio yale yale, mmoja akashindwa kunyanyua mikono, mwingine akafika uzeeni akijua tu kwamba hapigi mluzi. Wanawake mara nyingi huonyesha dalili hafifu kuliko wanaume.

Nilipofika hapo nilizima simu.

## DNA ya nini?

Binamu aliwaeleza wazazi wake jioni moja, barazani, na mimi nikiwepo. Alijiandaa vizuri, alianza taratibu, akafika mahali akasema daktari amependekeza kipimo cha DNA.

Mkaza mjomba akasimama na kanga yake. "DNA ya nini? Nani amekwambia wewe si mtoto wa huyu?"

Kwa mtu asiye wa nchi hii nitaeleza kwa kifupi: kwetu kipimo hicho watu wanakijua kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za kukataliwa watoto. Hakuna anayekitaja barazani kwa nia njema. Jioni yote ikaishia kwenye kumtuliza mama wa watu, na mjomba kakaa tu pembeni, uso ule ule, na mkewe akimwuliza mbona unaninunia.

Kipimo chenyewe si chepesi. Kusoma jeni kwa njia za kawaida hakuhesabu vizuri marudio marefu namna hii. Inatakiwa njia maalumu, kwenye maabara maalumu, na damu isafiri nje ya nchi. Daktari alimwambia binamu kwamba kwa dalili zake na za baba yake hana shaka kubwa. Kipimo kingeleta uthibitisho.

Uthibitisho wa kufanyia nini? Hilo ndilo swali la mjomba, na si swali la kijinga. Dawa ya kuusimamisha ugonjwa haijapatikana. Moja iliyofika mbali, losmapimod, ilifika jaribio la awamu ya tatu, na mwaka 2024 matokeo yakatoka: waliomeza dawa hawakuonyesha tofauti ya maana na waliomeza vidonge vitupu. Nyingine zinazolenga kuinyamazisha DUX4 yenyewe ziko kwenye majaribio. Binamu anazifuatilia kwa majina. Mimi nimeacha, naona zinanipandisha na kunishusha bure.

Ila yapo ya kufanya, na haya hayakuhitaji damu kusafiri popote. Mjomba sasa anapaka mafuta ya macho usiku, kwa kuwa jicho lisilofumba hukauka na kuchubuka, na yale macho mekundu ya asubuhi ambayo watu waliyasingizia pombe yamepungua. Binamu ameambiwa asiogope mazoezi ya kiasi; kutembea na kuogelea havimdhuru. Ameambiwa masikio na macho yachunguzwe, hasa ya watoto wanaoanza dalili wakiwa wadogo sana. Unyayo ukianza kuning'inia kuna kifaa cha kuushikilia kifundo. Upo pia upasuaji wa kulifunga bapa kwenye mbavu, unaofanya kwa vyuma kile alichofanya daktari kwa kiganja. Haumfai kila mtu, na binamu ameuweka pembeni kwanza.

Na ameacha sindano nyekundu. Hilo peke yake limerudisha fedha mfukoni.

## Lawama zinahama

Niseme kinachonikera kwa uwazi.

Hadithi ya bibi wa mpakani ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa na nafuu yake: kosa lilikuwa nje. Damu yetu ilikuwa safi, tuliharibiwa na mtu. Hadithi mpya inamtoa bibi, inaweka nini mahali pake? Inatuweka sisi. Mara tu binamu alipoeleza nusu kwa nusu, shangazi mmoja akauliza kwa sauti ya chini, kwa hiyo huu ugonjwa ulitoka kwa nani hasa? Swali la kwanza. Kabla ya kuuliza kama unauma. Mwingine akasema jambo hili lisitoke nje ya ua, kuna mabinti hawajaolewa.

Nilijikuta nakubaliana naye kwa muda. Nawajua watu wetu. Ukisikia ukoo fulani una ugonjwa wa damu, mshenga anageuza njia. Tuliishi vizuri tu tukiitwa wenye kiburi. Kiburi hakijawahi kumzuia mtu kuolewa, wengine hata wanakipenda. Kwa nini nichukue dosari ndogo inayovumilika niibadilishe kwa jina linaloogopesha?

Mjomba ndiye aliyenitoa kwenye mawazo hayo, na hakukusudia. Alikuwa amenyamaza jioni nzima. Binamu alipomaliza kueleza kwamba marudio yale mtu anazaliwa nayo, yamo tangu tumboni, mjomba akauliza kama ana hakika. Tangu tumboni? Ndiyo baba. Kabla ya ule mnazi? Kabla ya mnazi wowote.

Akatafuna maneno kwa muda.

"Basi yule bibi tulimwonea."

Hakuna aliyemjibu. Wengine tulitazama chini. Shangazi wa lile swali akaanza kukusanya vikombe. Nikaona kwamba hadithi ile ya zamani, yenye nafuu yake, ilikuwa na bei, na kwa miaka yote bei hiyo alilipa mtu mmoja, mwanamke mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Ikiwa lawama lazima ziwe na pa kukaa, zikae kwetu tunaoweza kuzibeba. Kromosomu haikuchagua, bibi yangu hakujua, na hakuna aliyemroga mtu. Washenga watakaogeuza njia na wageuze.

Nasema hivyo nikiwa nimeshaolewa, najua. Mabinti wa nyumba ile wana haki ya kuniambia maneno ni rahisi kwangu. Binamu mwenyewe ana mchumba, na alimweleza siku ile ile aliyorudi kutoka Dar es Salaam, kabla ya kuwaeleza wazazi. Mchumba aliuliza kama mtoto wao anaweza kupata. Akajibiwa nusu kwa nusu. Akaomba muda. Bado anao.

## Mama hataki

Mama yangu ana miaka sitini na zaidi. Anapalilia shamba lake, anabeba ndoo kichwani. Ukimtazama vizuri, ndoo anatwishwa na mtu au anaiinua kwa hatua, kwanza kwenye goti, kisha kwenye ukuta wa kisima, kisha kichwani. Nguo akianika, kamba yake imefungwa chini kuliko kamba za majirani. Akilala, jicho la kushoto linabaki na uwazi mwembamba.

Kila nikienda kwake sasa macho yangu yanafanya kazi ambayo sikuyatuma. Sipendi. Nataka kumwona mama, naona mabapa.

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho akichambua mchicha, kisha akasema, "Mimi nimezaa, nimelea, nimezika mume, mikono hii hii. Unataka niende kuambiwa nini?" Nikamwambia hakuna haja ya kwenda. Akaniuliza basi umekuja kuniambia ya nini? Nikakosa jibu zuri. Jibu la kweli ni kwamba sikwenda kwa ajili yake. Kama yeye anayo, mimi ni nusu, na wanangu robo, mpaka ijulikane vinginevyo.

Mluzi napiga. Napiga vizuri, nimeupiga mara nyingi mno wiki hizi, jikoni, ofisini, mpaka katibu wa chama akaniuliza kama nimepata mume mwingine. Lakini kupiga mluzi hakumwondoi mtu. Wapo wenye kipande kilichofupika wasioonyesha dalili yoyote, na hata hivyo wanawapa watoto wao. Najua hivyo, na bado napiga.

Kujua au kutojua? Watu wanaosema kujua ni bora siku zote hawajawahi kukaa upande huu wa meza. Ningekuwa na miaka kumi na minane ningetaka kujua kabla ya kuzaa. Sasa nina watoto watatu wanaokimbia. Nikijua leo, nitawatazama kwa macho yale ninayomtazama mama. Nimeamua kutojipima kwa sasa, na nimewaambia ndugu zangu kwamba uamuzi huu ni wangu, usiwe kisingizio cha mtu mwingine.

Kwa watoto sina msimamo mkali hivyo. Mtoto akianza kushindwa kitu shuleni, sitaki aambiwe mvivu.

## Nachingwea

Ndiyo maana jambo hili halijaisha.

Kaka wa bibi yetu alitoka huku mwishoni mwa miaka ya 1940 akafuata kazi kwenye reli ya mradi wa karanga, ile iliyotoka bandari ya Mtwara kwenda Nachingwea. Mradi ulikufa, reli ikang'olewa, yeye akabaki huko akaoa. Tunaonana nao kwenye misiba tu. Kwenye msiba wa mwisho nilimwona kitukuu wake mmoja, kijana wa sekondari, ameegemea mwembe. Nilimsalimia, akanijibu vizuri, uso haukusogea. Alipoondoka, mguu wa kulia ulikuwa unapiga ardhi kwa unyayo mzima.

Baada ya harusi ile nilimpigia mama yake. Sikuanza na ugonjwa. Nilimwuliza habari za shule, naye akamwaga yote bila kuulizwa: kijana anafukuzwa darasani kwa dharau. Mwalimu wa nidhamu anamwambia jambo, yeye anamtazama tu kama vile anamkebehi. Akiadhibiwa kupiga pushapu anashindwa, anaongezewa adhabu kwa kugoma. Nyumbani wameshampeleka kuombewa.

Nikamwuliza kama kijana anaweza kupiga mluzi.

Kimya kirefu. Halafu akasema, "Wewe umejuaje?"

Tulizungumza hadi salio likakata, akanipigia yeye. Amekubali tuongozane hadi shuleni, kisha hospitali, na nimemwonya kwamba inawezekana nimekosea, kwamba daktari ndiye wa kusema. Binamu anataka kwenda pia. Nilimwambia safari ni ndefu, abaki apumzike. Anasema yule mwalimu wa nidhamu anahitaji kumwona mtu mzima mwenye uso ule ule akizungumza naye kwa adabu.

Mnada wa korosho wa wiki hii ukipita, tunapanda basi.